Chumba cha Nyuma ya Msikiti

Nyuma ya misikiti mingi ya mitaani Dar es Salaam, kule Mbagala, Tandika, Buguruni na Gongo la Mboto, pana chumba kidogo ambacho mgeni aliyeingia kuswali adhuhuri na kuondoka hawezi kukiona. Mlango wake ni mpana kwa sababu jeneza lazima lipite bila kuinamishwa. Ndani pana kitanda cha zege kilichopigwa vigae, upande wa kichwani kimeinuka kidogo kuliko wa miguuni, na pembeni kina kingo ili maji yasimwagike ovyo bali yafuate mfereji mpaka kwenye shimo lake lenyewe. Ukutani kuna bomba, mpira wa maji, na rafu yenye ndoo, makopo na mashuka yaliyokunjwa. Humo ndimo watu wa mtaa wanamooshwa kwa mara ya mwisho, na humo ndimo inamofanyika kazi ya mikono ninayoiheshimu kuliko zote nilizowahi kuziona.

Nimeiona kwanza nikiwa mchota maji, tena nikiwa mshika shuka, na miaka yote hiyo nimekuwa nikitazama mikono ya wale wanaosimama kifuani na kichwani. Fundi seremala anaonyesha mlango wake kwa watu wapitao. Mshonaji anamwona mteja akitoka na kanzu mwilini. Kazi ya mwoshaji haina mtu wa kuikagua. Aliyeoshwa hawezi kusema kwamba maji yamemwingia puani au kwamba mkono wake umevutwa. Jamaa zake, wengi wao, wataona sanda iliyokwisha kufungwa, na baada ya saa chache mchanga utakuwa umefunika kila kitu. Kama mgongo haukupata maji, hakuna atakayejua. Nadhani ndiyo maana waoshaji wazuri ni wakali mno juu ya mambo madogo: ukali huo hauna mahali pengine pa kutoka isipokuwa ndani yao wenyewe.

Masuala ya elimu ya kazi hii karibu kila aliyepita madrasa anayajua. Safina, kitabu kidogo cha fikihi ya Kishafii kinachosomeshwa vyuoni pwani nzima, kinawafundisha watoto kwamba maiti wa Kiislamu ana haki nne kwa walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiisimamia baadhi, wengine wameondokewa na dhambi. Mtoto wa miaka kumi atakuorodheshea hayo bila kusita. Lakini baina ya kuyajua hayo na kuuweka mkono chini ya shingo ya mtu mzito aliyekwisha kukakamaa pana masafa marefu, na katika mtaa wenye maelfu ya Waislamu wanaoweza kuyavuka vizuri ni wachache. Wanajulikana kwa majina. Simu zao zinapigwa saa nane za usiku.

Kazi yenyewe huanza kabla mwoshaji hajafika. Roho ikishatoka, aliye karibu anatakiwa ayafumbe macho, kisha afunge taya kwa kitambaa kipana kinachopita chini ya kidevu na kufungwa utosini, maana kinywa kikiachwa wazi kitabaki hivyo. Halafu viungo: mkono unakunjwa kuelekea bega na kunyooshwa, mguu unakunjwa kuelekea paja na kunyooshwa, vidole kimoja kimoja, mwili ukiwa bado na joto. Juu ya tumbo kinawekwa kitu cha uzito wa wastani lisije likavimba. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akiitwa kwa shughuli hii tu. Hakuosha wanaume, bila shaka, lakini alikuwa akisimama mlangoni na kuwaelekeza watoto wa marehemu: haya, kunja, nyoosha, polepole, huyo ni baba yako. Waoshaji walikuwa wakijua, kwa kuushika mkono wa maiti mara moja tu, kwamba yule bibi alifika mapema.

Wakati huo chumbani watu wanatayarisha. Majani ya mkunazi yanatwangwa na kuvurugwa kwenye ndoo mpaka maji yatoe povu. Yakikosekana inatumika sabuni, lakini wazee wanayapenda majani, maana hayachubui ngozi na harufu yake ni nyepesi. Ndoo nyingine ni ya maji matupu. Ya tatu, ndogo, inatiwa karafuu maiti iliyosagwa, kidogo tu, isiyageuze maji. Maji hayo hayachemshwi. Wanazuoni wa Kishafii wamependelea ya baridi kwa sababu yanaukaza mwili, na ya vuguvugu yakawekwa kwa haja, kama uchafu ulioganda au baridi kali. Udi unachomwa pembeni, na unaendelea kufuka tangu mwanzo hadi mwisho, ili kama tumbo litatoa kitu, harufu isimfikie mtu na marehemu asisemwe.

Kukata sanda ni fani ndani ya fani. Kitambaa ni bafta nyeupe ya pamba, ya kawaida, kwa kuwa sanda ya fahari imekatazwa. Bibi Aisha alisimulia kwamba Mtume, aliyefariki mwaka 632, alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Sahul, Yemen, bila kanzu wala kilemba, na mpaka leo mwanamume wa Magomeni anavikwa tatu. Mwanamke ana tano: shuka ya chini, kanzu isiyoshonwa, mtandio wa kichwa, na mbili za kumzungushia. Mkataji hachukui kipimo cha dukani. Anapima urefu wa maiti kwa kamba, anaongeza shibiri mbili au zaidi kichwani na pungufu kidogo miguuni, halafu anatia mkasi pembeni kiasi cha kidole na kuichana iliyobaki kwa mikono. Bafta ikichanwa hivyo inafuata uzi wake na kunyooka kuliko mkasi unavyoweza kunyoosha. Kwenye ukingo uleule anachana vitambaa vyembamba vya kufungia. Hakuna kipande kinachotupwa. Masalio yanakuwa vitambaa vya kuvalia mkononi wakati wa kuosha.

Sasa maiti yuko juu ya kitanda, amefunikwa shuka kutoka kitovuni hadi magotini. Shuka hiyo haiondolewi. Nguo zake zinakatwa chini ya shuka, maji yanamiminwa juu yake, mkono unapita chini yake, lakini jicho halipiti. Ndani wanabaki wale wanaohitajika tu. Mwenye kushika shuka ana kazi inayoonekana rahisi na si rahisi hata kidogo, kwa kuwa kila mwili unapogeuzwa shuka nayo igeuke wakati huohuo, isitangulie wala isichelewe. Nimeona watu wazima wakibadilishwa katika nafasi hiyo kwa kuzubaa nusu dakika.

Mwoshaji anatia nia. Kisha anamwinua maiti kwa upole mpaka akae nusu ya kukaa: mkono wa kulia begani, kidole gumba kwenye kisogo kichwa kisilale nyuma, na mgongo wa maiti unaegemea goti la kulia la mwoshaji. Mkono wa kushoto anaupitisha tumboni, akikamua kwa nguvu ya kiasi, mara kadhaa, yatoke yaliyosalia. Hapa ndipo ninapompima mwoshaji. Akibonyeza kwa woga, uchafu utatoka baadaye, sanda ikiwa imeshafungwa, na kazi yote itaharibika mbele ya watu. Akibonyeza kwa nguvu, ameudhulumu mwili ambao heshima yake haikupungua kwa kufa. Mzee niliyejifunza kwake alikuwa akifumba macho kwenye hatua hii. Alisema kiganja kinasikia vizuri zaidi jicho likikaa kando.

Analazwa tena. Mkono wa kushoto unavalishwa kitambaa, sehemu za siri zinasafishwa chini ya shuka, kitambaa kile kinatupwa na kingine kuvaliwa. Siku hizi glavu zipo na ni jambo jema, lakini kitambaa hakijaachwa, kwa sababu glavu peke yake inateleza bila kusugua. Kidole kilichozungushiwa pamba yenye maji kinapita kwenye meno bila kuyatanua, kinapita puani. Halafu maiti anatawadhishwa kama anavyotawadha aliye hai, kichwa kikiwa kimeinamishwa upande ili maji yasiingie ndani.

Kichwa ndicho kinachotangulia katika kuosha, na baada yake ndevu, kwa maji ya mkunazi. Kama nywele zimefungana zinachanwa kwa kitana chenye meno mapana, taratibu, na unywele ukingʼoka unawekwa kando ili urudishwe sandani. Baada ya kichwa ni upande wa kulia wa mbele, kuanzia shingoni hadi unyayoni, kisha wa kushoto. Ndipo anageuzwa alalie ubavu wa kushoto, mgongo wa kulia uoshwe kuanzia kisogoni, na baadaye alalie wa kulia. Halazwi kifudifudi hata iweje. Kugeuza kunahitaji watu watatu wanaopumua pamoja: mmoja kichwani, mmoja kiunoni, mmoja magotini. Mkubwa wao hahesabu moja mbili tatu. Anasema kwa sauti ya chini, “Tunakugeuza, baba,” na kwa mtoto, “Tunakugeuza, mwanangu,” na neno la mwisho ndilo ishara ya wote. Mwili unageuka kama anavyogeuzwa mtoto aliyelala ambaye hutaki aamke.

Yanafuata maji matupu ya kuondoa mkunazi, kutoka utosini hadi miguuni, na yale ya karafuu maiti mwishoni. Wakirudia, wanarudia kwa witiri: tatu, tano, saba, kadiri mwili unavyohitaji. Mara ngapi, huamua mwoshaji kwa kuangalia usafi, na wazuri hawaoni fahari kuongeza wala haya kuishia tatu. Kisha anakaushwa kwa kitambaa kikavu, kila mkunjo, nyuma ya masikio, baina ya vidole, ili sanda isilowe.

Kukafini naona kunahitaji utulivu zaidi, labda kwa kuwa sasa jamaa wameruhusiwa kuingia. Nguo pana kuliko zote, iliyo bora, inatandikwa chini, ya pili juu yake, ya tatu juu ya hiyo, na kila moja imeshafukizwa udi na kutiwa manukato. Maiti analazwa chali. Pamba yenye karafuu maiti inawekwa mahali pa kusujudia: paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu, viungo vile ambavyo miaka yote vilikuwa vikigusa mkeka wa msikiti huohuo. Upande wa kushoto wa nguo unafunikwa kwanza, wa kulia unakuja juu yake, hivyohivyo zote tatu. Kilichozidi kichwani kinakusanywa na kurudishwa kuelekea usoni, cha miguuni juu ya miguu. Vifundo vinafungwa vya kufunguka kwa mvuto mmoja, kwa sababu kaburini, gizani, ndani ya mwanandani, anayevifungua hana nafasi ya kuhangaika navyo. Mwoshaji anafunga huku anamfikiria mtu mwingine atakayefungua. Hilo limenipendeza tangu nilipolifahamu.

Upande wa wanawake sijauona, na haunistahiki, ila nimewasikia mama zangu wakiusimulia. Wao wana nasaba yao ya elimu, na inaanzia juu sana. Mwongozo mkubwa wa josho katika vitabu vya hadithi umepokewa na mwanamke, Umm Atiyya wa Madina, aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha Zaynab binti Mtume. Ni yeye aliyepokea kwamba waanze kuliani na kwenye viungo vya udhu, waoshe kwa witiri, watumie mkunazi, waweke karafuu maiti mwishoni. Na ni yeye aliyesimulia kwamba nywele za Zaynab walizisuka mafungu matatu wakazilaza nyuma. Kila mwanaume anayeoshwa leo Mbagala anaoshwa kwa ufundi uliohifadhiwa na mwanamke huyo. Wanawake wa mtaa wanalijua hili na hawalisemi kwa majivuno. Wanalotilia mkazo ni mafungu ya nywele: yawe sawa, yasikazwe.

Yale ambayo mikono inayaona, ulimi hauyatoi. Kovu, ugonjwa, alama ya kipigo, hata uso uliobadilika rangi, vyote vinabaki chumbani. Kuna hadithi iliyopokewa na Hakim inayomwahidi anayeosha maiti na kumsitiri msamaha mara arobaini. Uso ukingʼaa, mwoshaji anaweza kusema, na watu wakafarijika. Zamani nilijaribu kumdodosa mzee kuhusu mtu fulani aliyekufa kwa njia iliyozungumzwa sana mtaani. Alinijibu kuhusu mfereji wa maji uliokuwa ukiziba. Naamini kwamba uaminifu huu ndio unaoushikilia mtaa pamoja kuliko hotuba nyingi za mimbarini. Mpangaji na mwenye nyumba wake waliogombana, mfanyabiashara na mdeni wake, wote wanajua kwamba siku moja watalala mbele ya macho yaleyale, na kwamba macho hayo yatanyamaza.

Josho halikuwa msikitini tangu zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa mwaka 1903, hakuacha nje habari za kifo na maziko, na wakati huo mambo yalikuwa nyumbani. Mpaka utoto wetu ilikuwa bado hivyo: mashuka yanatundikwa uani kuzunguka ulili, kitanda cha kuoshea, na chini yake linachimbwa shimo la kupokea maji. Lakini mji umebanana. Uani sasa kumejengwa vyumba vya kupangisha, choo kinatumiwa na kaya sita, na ghorofa ya jirani inachungulia ndani. Familia inayoishi chumba kimoja haina pa kumlaza baba yake. Ndipo misikiti ya mitaa ilipoanza kujenga chumba, mmoja baada ya mwingine, kwa michango ya Ijumaa. Wapo wanaonungʼunika kwamba marehemu anaondolewa nyumbani mapema mno, na nawaelewa. Lakini chumba kimefanya jambo ambalo uani haukuweza. Kimewakusanya waoshaji wa Kirufiji, wa Kitanga, wa Kigoma, wa Kondoa, kila mmoja na mazoea ya kwao, wakalazimika kukubaliana juu ya kitanda kimoja.

Kimempokea pia asiyekuwa na mtu. Pembezoni mwa jiji wanaishi wengi waliokuja peke yao, wabeba mizigo, walinzi, wauza maji, na akifa mmoja wao pengine kinachojulikana ni jina la kwanza tu. Sanda yake inatoka kwenye mfuko wa maziko wa msikiti. Josho lake ni lilelile, kwa idadi ileile ya ndoo. Nimemwona mzee akimchana ndevu mtu kama huyo kwa muda mrefu, hali nje hakuna ndugu hata mmoja aliyekuwa akisubiri kumwangalia uso.

Na ipo miili inayowadai waoshaji kila walichojifunza. Ajali za bodaboda zimeiongeza. Jeraha linazibwa kwa pamba, linafungwa, maji yanapitishwa juu bila kusuguliwa. Na ikiwa mwili hauwezi kuguswa na maji bila kuharibika, kama aliyeungua, unatayamamishwa kwa vumbi safi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu, wakiwemo kina mama na watoto wengi, wakapotea. Maiti walioopolewa walifikishwa viwanja vya Maisara, Zanzibar, jamaa waje kuwatambua. Aliyekufa maji anahesabiwa shahidi wa akhera, lakini tofauti na aliyeuawa vitani, haki yake ya josho haiondoki, hata kama amekaa baharini siku nzima. Mtu anapouliza kwa nini mtaa usio na vita wala janga uwe na waoshaji wengi waliofunzwa, mimi hujibu kwa siku ile.

Kwa hiyo nafurahi kuona misikiti inaweka darasa. Hapo mwanzo elimu hii ilipatikana kwa kuitwa tu, mtu akianza na kuchota maji kama nilivyoanza mimi, na waliokuwa na haya hawakuitwa kamwe. Sasa vijana, wa kiume kwa zamu yao na wa kike kwa zamu yao, wanakaa baada ya Isha na kufundishwa juu ya mtu aliye hai, aliyejitolea kulala akiwa amevaa nguo zake. Ningependa kila kamati inayochangisha kwa ajili ya marumaru itenge kwanza fedha za pampu nzuri ya maji, taa isiyozimika, na aproni za kutosha.

Mzee wangu anafundisha kwa kumlaza mwanafunzi mwenyewe kitandani. “Lala, kijana wangu, ulegee, usinisaidie,” anamwambia, kisha anawaachia wenzake wamwoshe kama walivyosoma, naye haingilii. Wanamwagia kulia, wanamwagia kushoto, wanamgeuza, wanasema wamemaliza. Ndipo anamuuliza aliyelala, “Wapi hapakupata maji?” Kijana anafikiri kidogo, anapapasa nyuma ya kiuno, pale mgongo unapoacha kugusa kigae. “Hapa, maalim. Na nyuma ya goti la kushoto.” Mzee anawageukia wengine na kuwaambia wajaze ndoo upya.